Misimu miwili na GLOBE Observer shambani Mpunguzi

Mbukwenyi ndugu zangu.

Nina ekari moja na nusu ya zabibu hapa Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma ukiifuata barabara ya Iringa, na ekari tatu za alizeti na mtama kule mbugani. Leo siandiki kuhusu bei ya zabibu wala dawa ya ubwiri, ule ukungu wa mizabibu. Naandika kuhusu programu ya simu iitwayo GLOBE Observer, niliyoitumia kutazama mawingu kwa misimu miwili ya mvua pamoja na kiangazi cha katikati yake. Majirani wananiona nimesimama kati ya mistari ya mizabibu, simu juu, nazunguka polepole kama mtu anayetafuta kibla, na wengi wameniuliza ninachofanya. Jibu ni refu, nimeona niliandike mara moja.

Kilichonifikisha hapo ni bima.

Mwaka ule nilikata bima ya mazao kwa ajili ya alizeti. Kampuni siitaji. Wakala alinieleza kwa upole kwamba hakuna mtu atakayekuja shambani kukagua, mvua inapimwa na setilaiti, na ikishuka chini ya kiwango walichoweka fidia inaingia kwenye simu. Nikalipa. Mwezi wa Januari mvua ikakatika. Kipima mvua changu ni kile cha plastiki, nimekifunga kwenye nguzo mbali na mti wowote, na nakisoma kila siku saa 3 asubuhi. Kwa siku 19 kilikusanya milimita 4. Alizeti iliyokuwa imenifika magotini ilianza kukunja majani kabla hata ya saa 5, na ukichimba kwa kidole unatoa vumbi. Nikasubiri fidia. Ujumbe ulipokuja ulisema eneo langu limepata mvua ya kutosha, hakuna malipo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na la kubisha. Mawingu kweli yalikuwepo. Kila jioni yalitanda, meupe yaliyofifia, mapana kama shuka, yakitokea upande wa Kongwa. Mara mbili tatu tuliiona mvua yenyewe ikining'inia chini ya wingu kama pazia la kijivu, ikaishia hewani kabla ya kugusa vilima vya mawe. Baba yangu, aliyechunga ng'ombe nchi hii tangu utotoni, akiliona pazia hilo hunyanyua fimbo na kusema, "Hiyo inaunyeshea upepo, mama." Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili tulikuwa nazo tele. Mvua ndiyo hatukuwa nayo.

Mtoto wa dada yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiye aliyenifungua macho. "Mama mdogo," aliniambia, "setilaiti haioni mvua yako. Inaona utosi wa wingu." Nilimwomba anieleze taratibu, na nitawaeleza nilivyoelewa.

Setilaiti nyingi zinazotazama mawingu hazina jicho la kupenya. Zinapokea mwanga wa jua uliogonga wingu ukarudi juu, na zinapokea joto linalotoka kwenye kilele chake. Kadiri kilele kilivyo juu ndivyo kilivyo baridi, kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda kilomita moja. Mbinu nyingi za kukadiria mvua zinaanzia hapo: kilele ni baridi sana, basi wingu ni refu, basi pengine linanyesha. Kwa mkoa mzima na kwa mwezi mzima hesabu hiyo inasaidia. Kwa shamba moja ndani ya wiki mbili inaweza kupotea njia kabisa, maana wingu la radi likishamaliza mvua yake huko lilikozaliwa, kichwa chake kipana cha barafu huchukuliwa na upepo wa juu na kusafiri mbali. Kichwa hicho ni baridi sawasawa na wingu linalonyesha. Chini yake hakuna kitu.

Nikamuuliza, "Sasa nani anawaambia hao wa setilaiti kwamba huku chini hakuna kitu?" Akachukua simu yangu akapakua GLOBE Observer.

Programu ni ya bure. Nyuma yake uko mpango wa GLOBE, uliotangazwa Marekani mwaka 1994 na kuanza kazi mwaka uliofuata, wa kuwashirikisha wanafunzi na walimu wa nchi nyingi katika kupima mazingira yao, na NASA, shirika la anga la Marekani, ndiyo inayoubeba. Programu ya simu ilitoka mwaka 2016 ili hata asiye mwalimu wala mwanafunzi aweze kushiriki. Ina sehemu ya mawingu, ya mazalia ya mbu, ya uoto wa ardhi na ya urefu wa miti. Nazungumzia mawingu tu, hizo nyingine sijazitumia kiasi cha kuzitolea maoni.

Unajisajili kwa barua pepe, unairuhusu simu isome mahali ulipo, basi. Ukifungua sehemu ya mawingu inakuuliza kwanza kama anga ina mawingu, haina, au imefichwa na vumbi, moshi au ukungu. Kisha unakadiria mawingu yamefunika kiasi gani, kwa makundi: chini ya asilimia 10, 10 hadi 25, 25 hadi 50, 50 hadi 90, na zaidi ya 90. Inauliza rangi ya anga na unavyoona kwa mbali. Halafu zinakuja aina za mawingu kwa ngazi tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na kwa kila ngazi unasema kama wingu linapitisha mwanga vizuri, linaupitisha kwa shida, au linauziba. Ukiona mistari myeupe iliyoachwa na ndege inataka pia kujua, na kama mstari unafutika upesi au unabaki na kupanuka.

Inauliza hata ardhi: ni kavu au ni tope, kuna maji yaliyotuama, miti ina majani au haina. Swali la majani nililidharau mwanzoni. Nilikuja kulielewa mwezi wa Oktoba, siku niliyosimama kwenye kichuguu nikatazama upande wa mbugani. Mibuyu mitupu, migunga mitupu, udongo uko wazi unarudisha jua hadi macho yanauma. Setilaiti inayotafuta kitu cheupe ili iseme "hapa kuna wingu" ina kazi ngumu zaidi juu ya ardhi ya namna hiyo kuliko juu ya msitu wa kijani au bahari nyeusi. Anayejua hali ya ardhi siku ile ni aliyeikanyaga.

Mwisho ni picha sita: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi, juu utosini na chini miguuni. Unaelekeza simu, ikifika pembe inayotakiwa inapiga yenyewe. Ukishazoea, kazi yote haizidi dakika 5.

Ninachokipenda sana ni kwamba haihitaji mtandao wakati unaangalia. Huku kwetu mtandao unakuja na kuondoka. Unajaza kila kitu bila bando, programu inatunza taarifa na saa uliyoichukua, na ukifika penye mtandao unatuma. Mimi hutuma jioni nikienda dukani. Nimewahi kukaa na taarifa za siku nne kwenye simu, zikaenda zote, kila moja na saa yake sahihi.

Kisha kuna ratiba ya setilaiti, na hapa ndipo programu inapokuwa tofauti na albamu ya picha za mawingu. Ndani yake unaangalia ni saa ngapi setilaiti itapita juu ya mahali ulipo, na inaweza kukukumbusha. Setilaiti mbili nilizozizoea ni Terra, iliyorushwa Desemba 1999, na Aqua, iliyorushwa Mei 2002. Zote zilipangwa kuzunguka karibu kilomita 705 juu yetu, zimebeba kamera iitwayo MODIS inayofagia ukanda wenye upana wa kilomita 2,330 kwa mara moja, pamoja na kifaa kiitwacho CERES kinachopima nishati inayorudi angani kutoka duniani. Terra hupita asubuhi, Aqua mchana. Kwa miaka mingi saa zao zilikuwa hazibadiliki, lakini sasa mafuta yao ya kurekebisha njia yamebaki kidogo na zimeachwa zisogee, Terra ikizidi kuwahi na Aqua ikizidi kuchelewa. Kwa hiyo msikariri saa mliyosikia kwa mtu. Fungueni ratiba siku hiyohiyo.

Ukiangalia anga ndani ya dakika 15 kabla au baada ya setilaiti kupita, wataalamu wa kituo cha NASA cha Langley, kule Virginia, wanaoanisha ulichokiona wewe na ilichokiona yenyewe, na unaletewa barua pepe. Usipoipata Terra wala Aqua, upo uwezekano wa kulinganishwa na setilaiti ya Meteosat ya Ulaya, iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikizunguka sambamba na dunia hivyo kwetu ni kama imesimama. Zile za kizazi chake cha pili hupiga picha kila dakika 15, na za kizazi cha tatu, ambacho ya kwanza ilirushwa Desemba 2022, kila dakika 10.

Hiyo barua pepe ndiyo iliyonifanya niendelee. Ni jedwali. Safu moja yako, safu nyingine ya setilaiti. Wingu la juu, wewe ulisema nini, yenyewe ilisema nini. La kati. La chini. Asilimia iliyofunikwa, kimo cha wingu, kama ni la maji au la barafu. Kwa mara ya kwanza tangu ule ujumbe wa bima, niliona neno langu limewekwa pembeni ya neno la setilaiti, katika karatasi moja, bila mmoja kumfuta mwenzake.

Niwape mfano mmoja kwa urefu, maana ndio ulionifundisha.

Siku moja ya Februari, mchana, anga ilikuwa na mawingu ya namna mbili. Juu kabisa kulikuwa na sirusi, yale membamba kama nyuzi za katani zilizochanwa, jua linapita kati yake bila shida. Chini yalikuwepo kumulusi madogo madogo, tumbo limenyooka kama limekatwa kwa kisu, migongo imevimba. Kati ya hayo mawili, hakuna kitu. Nilitazama vizuri, nikamwita baba naye akatazama. Nikajaza: juu yapo, kati hakuna, chini yapo. Picha sita, nikatuma. Barua pepe ilipokuja, safu ya Aqua ilisema kuna wingu la ngazi ya kati. La juu halikuandikwa. Asilimia kubwa ya yale ya chini nayo haikuonekana.

Nilidhani nimekosea. Kijana wangu wa chuo akaniuliza kama nimewahi kuchanganya maji ya kuoga. Ndoo ya moto, ndoo ya baridi, unayamimina kwenye beseni, unatia mkono, unasema haya ni ya uvuguvugu. Lakini kati ya ndoo zako mbili hakuna hata moja iliyokuwa na maji ya uvuguvugu. Ndivyo ilivyokuwa juu ya shamba langu. Joto la kumulusi za chini lilipenya kwenye utando mwembamba wa sirusi baridi, vikachanganyika, na kilichofika kwenye setilaiti kikasomeka kama joto la wingu lililoko katikati. Hesabu iliyodhani kuna tabaka moja tu ikaliweka wingu mahali ambapo halikuwepo.

Na kosa hilo lina uzito. Sirusi nyembamba inaruhusu jua lishuke lakini inazuia joto la ardhi lisitoke, kwa hiyo inaongeza joto. Kumulusi ya chini inarudisha jua, inapoza. Ukiyaunganisha hayo mawili ukayaita wingu moja la kati, umeharibu hesabu ya nishati ya siku hiyo, na hesabu za namna hiyo ndizo zinazotumika kukadiria hali ya hewa ya miaka inayokuja. Hawa watu wa Langley walianza kuwaomba wanafunzi wawatazamie mawingu tangu miaka ya 1990, kwa sababu hiihii ya kutaka mtu wa chini athibitishe kile CERES inachokiona kutoka juu. Sikuwa najua kwamba kazi ya kutazama juu ina historia.

Siku nyingine, anga imefunikwa yote na utando wa juu, na chini yake kumulusi tatu zimebeba giza. Setilaiti iliandika wingu la juu, asilimia 100, ikaishia hapo. Haikuwa na namna ya kuziona zile tatu. Mimi niliziona, na moja ilinidondoshea milimita 2.

Sasa lazima niseme na upande wa pili, maana jicho langu nalo lina makosa yake, na jedwali lilinionyesha. Kwa wiki za mwanzo karibu kila mara asilimia yangu ilikuwa kubwa kuliko ya setilaiti. Nikisema zaidi ya 50, yenyewe inasema 30. Nilitaka kuilaumu. Halafu nikasoma kwamba sisi tulio chini huwa tunayazidisha mawingu yaliyo mbali, kwa sababu pembeni mwa upeo hatuoni nafasi kati yao. Tunaona mbavu za wingu moja zimeficha pengo, na wingu la nyuma yake limeziba pengo jingine, tunahesabu yote kuwa wingu. Anayetazama kutoka juu anayaona mapengo.

Nikatandika mkeka chini ya mwembe pembeni, sehemu iliyo wazi, nikalala chali. Ukilala chali unaacha kuvutwa na upeo. Unaligawa anga la utosini kwa macho vipande vinne, unauliza kila kipande kimejaa kiasi gani, unajumlisha. Baba alikuja akakaa kwenye kigoda akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Hapana baba, napima mawingu." Akatazama juu kwa muda mrefu, akasema, "Hapo nusu haijafika." Tangu siku hiyo hukadiria kwanza yeye bila kuambiwa nimeona nini, kisha naangalia yangu. Majedwali yaliyofuata tulikaribiana na setilaiti mara nyingi zaidi. Baba ana zaidi ya miaka 80, hajui kusoma Kiingereza, na ni mtazamaji bora kuliko mimi.

Lile pazia linaloishia hewani pia nimelipiga picha, mara sita katika misimu miwili. Hapa kwetu, ambapo mwaka wa kawaida unatupa kati ya milimita 500 na 600 tu, na hewa ya chini inaweza kuwa kavu hata katikati ya msimu, ni jambo la kulijua. Tone la wingu lina upana wa kama mikromita 20, na inataka matone yapata milioni moja ya namna hiyo yaungane kupata tone moja la mvua la milimita 2. Hilo tone likishaanguka linapita kwenye hewa kavu, linapungua njia nzima. Wingu linaweza kufanya kazi yake yote kwa haki na ardhi isipate kitu. Siku hizo sita kipima mvua kilikuwa sifuri. Picha ya upande wa mashariki inaonyesha pazia, picha ya chini inaonyesha vumbi kwenye miguu yangu, na zote zina saa ileile.

Kuhusu vumbi: Septemba na Oktoba upepo wetu mnaujua. Ziko siku anga inakuwa rangi ya maziwa, na kukiwa na watu wanachoma mashamba ndiyo kabisa. Programu ina mahali pa kusema hivyo. Msiandike "mawingu" kwa sababu hamwoni bluu. Tofautisheni, maana setilaiti nayo inahangaika na jambo hilohilo, na taarifa ya mtu aliyelivuta vumbi puani ina thamani.

Mtu anaweza kusema kwamba teknolojia itamaliza tatizo hili bila sisi. Zipo setilaiti zenye jicho la kupenya. CALIPSO ilirushwa Aprili 2006 pamoja na CloudSat, moja ikipiga miale ya laiza na nyingine rada, na zilichana mawingu toka juu hadi chini kama mtu anayekata mkate aone ndani. CALIPSO ilistaafu mwaka 2023. Mei 28, 2024 ikarushwa EarthCARE, ya Ulaya na Japani, yenye laiza na rada kwa pamoja, na rada yake inaweza kupima hata kasi ya matone yanayopanda na kushuka ndani ya wingu. Nilifurahi niliposoma hayo. Lakini miale hiyo inaangukia kwenye mstari mwembamba kama uzi, wakati MODIS inafagia ukanda wenye maelfu ya kilomita. Uzi huo kupita juu ya Mpunguzi, siku ile, saa ile, wakati wingu lile lipo, ni bahati. Ninapofungua ramani ya taarifa zilizotumwa siku hiyo, mara nyingi katikati ya Tanzania naona nukta yangu peke yake. Pwani kuna mawingu ya pwani, Kilimanjaro kuna ya mlima. Ya kwetu, ya nchi kavu yenye miti michache na jua kali, yanahitaji watu wake wa kuyasemea.

Programu hii haitabiri. Ukitaka kujua kama kesho itanyesha, fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Haipimi mvua pia, kipima mvua lazima uwe nacho chako. Wala hutalipwa. Na si kila taarifa inapata jedwali, lazima setilaiti iwe ilipita karibu na saa yako. Mimi naitumia kwa Kiingereza, na kwa watoto wa klabu ya mazingira ya shule ya jirani tumejitengenezea majina yetu: sirusi ni katani, altokumulusi, yale ya vipande vipande ya ngazi ya kati, ni mavundevunde, kumulonimbasi, lile wingu la radi, ni ghubari. Wanayashika kwa siku moja.

Faida ya shambani nimeipata pasipo kutegemea. Zabibu zikikaribia kuiva msimu wa mvua, kila mkulima ana hofu ya kupiga salfa, dawa ya ubwiri, asubuhi ikaoshwa na mvua mchana. Zamani wingu lolote la jioni lilinifanya niahirishe. Sasa baada ya kutazama kila siku kwa kusudi, najua kulitofautisha lile shuka jeupe lililochoka, lililosafiri kutoka mbali, na kumulusi inayopanda hapahapa, ambayo saa 6 ni kama ngumi na saa 8 ni kama mnara. Msimu uliopita niliahirisha mara mbili tu, na mara zote mbili ilinyesha kweli.

Kuhusu bima, nilirudi kwa wakala na daftari langu la kipima mvua na picha za siku za mapazia. Alipokea nakala, akasema atazipeleka juu. Malipo ya mwaka ule hayakubadilika. Yaliniuma na bado yananiuma, kwa sababu mtama na alizeti ile ndiyo ilikuwa ada ya mtoto. Ila mwaka huu kabla ya kulipa chochote nilimuuliza maswali ambayo mwanzo sikuyajua: mnasoma kilele au mnasoma mvua, eneo mnalolihesabu kuwa langu lina ukubwa gani, na nani wa huku chini amewahi kuhakiki hesabu zenu? Hakuwa na majibu, akaniomba namba ya simu anitafute. Nasubiri.

Naipendekeza kwa walimu wa jiografia kwanza, maana somo la mawingu likifundishwa ubaoni wakati mawingu yenyewe yako dirishani ni hasara. Pili kwa wakulima wenye kipima mvua. Na kwa wazee. Wapeni nafasi ya kukadiria, muandike nyinyi.

La mwisho ni simu. Yangu ya kwanza niliinunua mjini, kwenye duka ambalo sitalitaja, muuzaji akaapa ina kila kitu. Dira yake ilikuwa inayumba. Nilituma picha za "kaskazini" zinazoonyesha jua linachomoza, na nilipogundua ilinibidi niache kutuma kwa wiki tatu hadi nipate nyingine. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, simama nje ya duka, mbali na mabati, nondo na pikipiki, fungua dira, geukia linakochomoza jua, uone inasema nini. Kisha zunguka mzima, polepole. Mshale ukikwama au ukiruka, mrudishie mwenyewe simu yake.